Ukungu wa Jumanne Jioni

Shangazi hakwenda kwenye mihadhara ya wachoraji kwa kupenda picha. Alikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa imempwaya tangu mumewe afariki, na kwa sababu binti wa kaka yake, Mkutubi, ndiye aliyeshika funguo za maktaba. Kila Jumanne jioni ilibidi Mkutubi asubiri Mwalimu amalize kusema ndipo afunge milango, na Mwalimu alikuwa mtu wa kusema. Basi wakakubaliana wasubiri wote wawili. Shangazi angebeba kazi ya mkono, pindo la kukunja au vifungo vya kukaza, angekaa safu ya nyuma kimya, na mambo yakiisha wangerudi nyumbani pamoja.

Pindo halikushonwa. Taa zilizimwa, projekta ikaanza kuunguruma, na kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani ikatokea bandari wakati wa mapambazuko: maji, moshi, na jua dogo jekundu lililokaa kama kifungo kwenye koti la kijivu. Shangazi aliitua sindano mapajani. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akamnong'oneza Mkutubi kwamba bwana huyo, awe nani awaye, amechora mambo yalivyo.

Mkutubi alidhani anatania. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha uchoraji na mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale, alikuwa ndiyo kwanza anaeleza jinsi wachoraji hao walivyochekwa enzi zao. Mtu mmoja wa magazeti aliwakejeli, na jina la kejeli likawaganda mpaka leo. Watu walisema picha zao hazijakamilika, eti vitu ndani yake havina kingo, huoni mti unaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Kingo! Shangazi alikuwa hajaona kitu chenye kingo siku nyingi. Kwake taa ya barabarani ilikuwa na ndevu za mwanga pande zote. Mti wa uani mwa maktaba uliyeyukia hewani, na uso wa mtu akiwa mbali kidogo ulikuwa donge la unga uliokandwa, huna la kuusoma. Aliona aibu, alidhani ni uzee wake peke yake. Kumbe walikuwepo wanaume wazima, wenye ndevu na kofia, walioiona dunia hivyohivyo na wakaitundika ukutani. Alikaa wima kitini. Tangu jioni ile hakuna aliyehitaji kumbembeleza kwenda.

Majina yao hayakumkaa kichwani, akawabatiza upya. Aliyechora matunda mezani, meza yenyewe imeinama utadhani yataporomoka, akawa Babu Matufaha. Aliyechora kwa nukta akawa Bwana Nukta, na Shangazi alimhurumia, maana mwenyewe alijua kazi ya kudona sindano kutwa nzima. Na yule wa bandari, aliyekuja kuzeekea kwenye bustani yake akichora bwawa na maua yaliyoelea juu yake, akawa Mzee wa Mayungiyungi. Huyo ndiye aliyempenda kuliko wote.

Sasa ukweli wenyewe. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alilijua hilo vizuri. Alikuwa amekwenda hospitali ya macho peke yake, kimyakimya, akamwambia Mkutubi anakwenda kununua nyuzi. Daktari, kijana mwenye haraka, alimweleza kwamba si jambo la kutisha: ni upasuaji mdogo, unaingia asubuhi na jioni unalala kwako. Shangazi, ambaye katika ndoa yake yote hakujaliwa kuzaa, aliangua kicheko mpaka daktari akaingiwa na wasiwasi.

"Mungu kaninyima wa tumboni, kanipa wa machoni," alimwambia. "Na nyinyi hata huyo mnataka kumtoa."

Aliondoka, na hakumwambia mtu.

Kazi yake ilianza kwenda kombo, lakini alijua kuficha. Sindano alimtungisha Mkutubi kila asubuhi kabla hajatoka, nyingi kwa mpigo, kwa kisingizio kwamba macho ya ujana yasikae bure. Rangi ndizo zilizomwumbua. Wateja wawili walileta vitambaa, mmoja wa buluu iliyoiva na mwingine wa kahawia, na Shangazi akawabadilishia mikono ya magauni bila kujua. Alikuwa tayari kuomba radhi hadi magoti yaume. Bahati yake, mmoja alidhani ndiyo mitindo ya siku hizi, akasifiwa kwenye sherehe, akarudi na kitambaa kingine akitaka vilevile. Wa pili alinuna, akahamia kwa fundi mwingine. Shangazi alijua bahati ya namna hiyo haiji mara mbili, na kwamba fundi cherehani asiyetofautisha buluu na kahawia hana muda mrefu.

Kwa nini basi asikubali kutibiwa? Si kisu alichokiogopa.

Mumewe alikuwa fundi saa, na katika mtaa wote hakuna mtu aliyechelewa kama yeye. Saa za watu alizinyoosha zikasema kweli, lakini mwenyewe alifika harusini watu wanakunja viti. Alikuwa mrefu, bega lake la kushoto limeshuka kidogo, na aliingia mahali taratibu, kama anayeuliza bila kusema iwapo bado anahitajika. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu azikwe. Na jioni ya pili ya mihadhara, taa zikiwa zimeshazimwa na Mwalimu akiwa katikati ya maneno, mlango ulisukumwa polepole, akaingia mwanamume mrefu, bega la kushoto limeshuka. Alisimama kidogo kwenye mwanga hafifu wa ukumbini. Kisha akakaa kiti cha karibu na mlango.

Shangazi hakuwa mwehu. Alijua huyo ni mtu wa watu, ana jina lake na kwake. Lakini macho hayakumwambia hivyo. Macho yalimletea mumewe, amechelewa tena, na uso wake ukatabasamu wenyewe kabla hajauzuia. Moyo ulimtulia kwa namna ambayo haikuwa imetokea tangu msibani. Jumanne iliyofuata mtu yule alikuja tena, na iliyofuata tena, kila mara akichelewa, na kila mara Shangazi alimgeukia na kumtabasamia. Hakuwahi kumsogelea. Mihadhara ikiisha alijishughulisha na mfuko wake wa nyuzi mpaka asikie mlango umefungwa. Hivyo ndivyo alivyoishi: siku sita za wiki alikuwa mjane, na ya saba alikuwa mke wa mtu anayechelewa.

Hayo ndiyo waliyotaka kumwondolea pale hospitali.

Mambo yaliharibika jioni ya Mzee wa Mayungiyungi. Mwalimu alionyesha lile bwawa lilivyochorwa mwanzoni, kijani na samawati, maua yakipumua juu ya maji. Kisha akaonyesha picha za miaka ya baadaye: daraja lilelile la bustanini limegeuka moto, wekundu na kahawia vimezongana, huoni daraja wala maji. Mwalimu akasema kwa masikitiko kwamba bwana huyu uzeeni aliugua mtoto wa jicho.

Kinyozi, aliyekuja kwa ajili ya viti laini na kwa kawaida alisinzia kuanzia picha ya tatu, alizinduka hapo. Alikuwa mtu wa huruma.

"Maskini," akasema kwa sauti. "Na huyo mtoto alipona?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Kinyozi aligeuka huku na huku, hajui alichokosea, na Mwalimu akajaribu kumweleza, akajikwaa, akauliza kama kuna mtu ukumbini anayeweza kumsaidia, ni ugonjwa gani huo hasa, mtu anaonaje. Sijui nini kilimpata Shangazi. Labda giza lilimpa ujasiri, labda ni lile daraja, maana kila mtu aliliona limeharibika ila yeye. Yeye aliliona sawasawa.

"Ni ukungu," alisema kutoka nyuma. "Mimi ninao mapacha. Mmoja kila upande."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mkutubi peke yake hakucheka.

Mwalimu alimalizia kwa kusema kwamba mzee yule aliogopa upasuaji miaka mingi, rafiki yake akamshikilia mpaka akakubali, akafanyiwa jicho la kulia tu. La kushoto alikataa katakata, hakumruhusu mtu aliguse mpaka alipokufa.

Njiani kurudi, Mkutubi alitangulia hatua moja mpaka kwenye kona ya duka la dawa. Ndiyo kwanza taa za barabarani zinawaka, na Shangazi alikuwa akizifurahia, moja baada ya nyingine zikifura na kuelea.

"Shangazi, uso wangu uliuona lini mara ya mwisho?"

"Nakuona kila siku, mwanangu. Maswali gani hayo?"

"Sikuulizi kama unaniona. Nauliza uso."

Shangazi akasimama. Aliutafuta uso wa Mkutubi akilini, akaupata upesi: mashavu ya mviringo, mwanya, jicho la kulia dogo kuliko la kushoto akicheka. Akamweleza hivyo, akiwa na uhakika. Mkutubi akasema huyo anayemweleza ni yule msichana wa shule aliyeletwa na begi lake mama yake alipofariki.

"Nina mvi," alisema. "Hapa na hapa. Kazini wameziona wote, hata wasomaji wananitania. Wewe hujaziona."

Hilo lilimwingia. Aliunyoosha mkono akagusa nywele za binti yule kando ya sikio, kana kwamba mvi hupapaswa. Hapo barabarani, watu wakiwapita, akamweleza yote: hospitali, mikono ya magauni, na mwisho, kwa shida, mtu wa mlangoni. Mkutubi alisikiliza. Akafungua mdomo aseme, maana kitabu cha wageni kilikaa mezani kwake na alimjua kila anayeingia, lakini Shangazi akamshika mkono.

"Usiniambie ni nani."

"Mzee wako alishakufa, Shangazi."

"Najua. Nilikuwepo." Akapepesa macho. "Ila alikuwa anachelewa tu kuondoka. Kama kawaida yake."

Mkutubi alicheka, kisha kicheko kikamgeukia akalia, na Shangazi akamwona kama picha iliyomwagikiwa maji. Alisema tu kwamba yeye bado yupo, na angependa aonekane. Wakatembea. Walipofika mlangoni kwao, Shangazi alikuwa amekata shauri, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri wa Mwalimu, alikata la namna yake.

"Nitatoa mmoja," alisema. "Kama yule mzee. Jicho moja lako, moja la Mzee wangu."

Walimfanyia jicho la kulia. Kitambaa kilipoondolewa, kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa buluu. Alikuwa amesahau kwamba duniani mna buluu nyingi hivyo: ndoo, mlango wa jirani, koti la muuguzi, kivuli chini ya kiti. Alicheka peke yake. Kisha Mkutubi akainama mbele yake, na Shangazi akauona uso wa mwanamke mzima, mwenye mistari midogo chini ya macho na mvi kama alivyoahidi, hapa na hapa. Mwanya ulikuwa bado upo. Alimtazama kwa muda mrefu sana, na aliona uchungu, maana miaka yote hiyo ilikuwa imepita nyumbani kwake, mezani kwake, naye hakuiona ikipita.

Walirudi maktaba jioni ya mwisho ya mihadhara. Shangazi alikaa kiti chake, na fundi aliyekuwa ndani yake akaanza kukereka papo hapo: shuka la Mwalimu lilikuwa na alama ya pasi kwenye kona, na pindo lake lilishonwa na mtu asiye na huruma. Mwalimu mwenyewe alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Zikazimwa taa. Jioni ile ilikuwa ya wale waliokuja baadaye, na ikatokea picha ya usiku wenye nyota, kila nyota imezungushiwa duara juu ya duara la mwanga.

Shangazi alifumba jicho la kushoto: aliona mistari ya rangi, mmoja mmoja, minene, imepangwa kwa mkono wa mtu mwenye papara na akili. Akafumba la kulia, na usiku wote ukaanza kuzunguka na kuelea, nyota zimeota ndevu kama taa za mtaa wao. Akafumba hili, akafumbua lile. Alikuwa angali anacheza hivyo, akielea baina ya usiku wa aina mbili, mlango uliposukumwa polepole.

Alikuwa amejipanga kwa saa hiyo. Aliweka kiganja juu ya jicho la kulia, akageuka. Na kweli, pale kwenye mwanga hafifu alisimama mumewe, mrefu, bega la kushoto limeshuka, anauliza bila kusema iwapo bado anahitajika. Shangazi alimtazama kwa jicho lile moja lenye ukungu. Angeweza kukaa hivyo. Hakuna aliyemkataza, na mkono ulikuwa wake.

Lakini kando yake Mkutubi alikuwa hatazami shuka. Alikuwa anamtazama yeye, anangoja.

Shangazi akauondoa mkono.

Alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na miwani minene na pengo kwenye meno ya mbele, koti lake la mvua limechanika mfukoni, na bega lake halikushuka kwa lolote ila begi zito lililoning'inia kwa mkanda. Uso wake haukufanana na wa fundi saa hata chembe. Na alikuwa anamtazama Shangazi moja kwa moja, amesimama, kama mtu anayesubiri chake. Shangazi hakutabasamu. Hakuweza. Akaona, wazi kabisa kwa jicho lake jipya, jinsi uso wa yule mtu ulivyosinyaa. Mwanamume yule alirudi nyuma hatua, akageuka, akatoka.

Shangazi aliinuka, akajigonga kwenye magoti ya Kinyozi, akamfuata. Alimkuta kwenye korido, karibu na ubao wa matangazo, anarekebisha mkanda wa begi ambao haukuhitaji kurekebishwa.

"Samahani," alimwambia. "Muda wote huu nilikuwa nakufananisha."

"Nilijua," alisema yule mtu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu asiyesema sana. "Siku ya kwanza niliingia kujikinga na mvua tu. Nikasukuma mlango, mtu akanitabasamia kama alikuwa ananisubiri. Mimi sina anayenisubiri. Nikajua si mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Yule mtu akauliza, kwa upole, alikuwa nani huyo anayefanana naye.

"Mume wangu," alisema Shangazi. "Hamfanani kabisa."

Hapo ndipo alipolia. Msibani hakulia, watu walishangaa, wengine wakamwita moyo mgumu. Sasa alilia kwa macho yote mawili, lile la zamani na lile jipya, amesimama mbele ya mtu asiyemjua, na alimlilia fundi saa kama ndiyo kwanza habari imefika. Yule mtu hakujua mikono yake aiweke wapi. Hakumgusa, hakumpa maneno ya kumfariji, ila hakuondoka pia. Alilishusha begi lake sakafuni, akangoja.

Alipomaliza, Shangazi alifuta uso kwa pembe ya mtandio, akamwambia aingie, picha bado hazijaisha, na safari hii asikae mlangoni ambako upepo unampiga. Waliingia wote wawili. Mkutubi alisogea kiti kimoja bila kuombwa. Kwenye shuka ule usiku wa nyota ulikuwa bado upo, Mwalimu akiwa amezama ndani yake hajali nani katoka na nani kaingia.

Shangazi akamwinamia Mkutubi sikioni.

"Kesho ukaniandikishe na la pili."

Mkutubi alimgeukia. "Si ulisema hilo ni la Mzee?"

"Mzee ameshaondoka," alisema Shangazi.